Hanang: Mlima haukulipuka, uliyeyuka

Wadau, hadi leo ukikaa kijiweni Katesh hukosi mtu atakayekwambia kwamba Desemba 3, 2023 volkano ya Hanang "ilipasuka". Simlaumu. Tope, mawe na magogo vilishuka kama vimesukumwa, vikapita Gendabi na Jorodom hadi mjini, watu zaidi ya 80 wakafa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha ziara.

Serikali ilitamka siku zile zile kwamba hakukuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa, ikameguka. Sawa. Lakini kwa nini miamba iwe dhaifu? Hapo ndipo mjadala ulipoishia, na ndipo ulipotakiwa kuanza.

Hanang (mita kama 3,420) kweli ni volkano, ila imelala siku nyingi. Lava yake si ya kawaida. Ni ya jamii inayoitwa nefelinaiti, yenye sodiamu na potasiamu nyingi na silika kidogo, ukoo mmoja na Oldoinyo Lengai kule kaskazini. Mwamba wa namna hii, na majivu yaliyolala katikati yake, huoza haraka kwa maji na kugeuka udongo wa mfinyanzi. Ndiyo sababu ardhi ya huko ina rutuba, Basotu ikalimwa ngano mpaka basi, na Ziwa Balangida likawa na chumvi. Neema ile ile, jamani! Mfinyanzi ukilewa maji kwenye mteremko mkali, haushikiki. Na mwaka ule ilikuwa mvua ya El Nino.

Wapo wanaosema ni ukataji miti tu. Mie nakubali nusu. Yale magogo yaliyofika Katesh yalitoka wapi? Hata penye msitu palimeguka.

Kwa hiyo hatari haipo kileleni, ipo kwenye makorongo. Tope hufuata njia ya maji, na Katesh imekaa chini kabisa ya mteremko wa kusini. Waathirika walijengewa nyumba mahali pengine, hilo tunashukuru. Sasa swali kwa wahusika wa ardhi, na ndugu zetu wa Mbulu wenye miteremko yao nao wasikilize: viwanja vilivyo kwenye midomo ya makorongo yale, bado vinapimwa na kuuzwa?