Behewa la Mbele, Behewa la Nyuma
Kijana wetu anayekwenda kusoma Uingereza amefunzwa insha na sarufi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba treni ya huko inaweza kukatwa vipande viwili njiani. Baadhi ya treni zitokazo London Victoria hugawanywa katika kituo cha Horsham: mabehewa ya mbele hushika njia moja, ya nyuma huelekea Bognor Regis. Tangazo hutolewa harakaharaka, na asiyelielewa hupelekwa asikokwenda akiwa na tiketi halali mkononi. Katika vituo vingine jukwaa ni fupi, hivyo milango ya mabehewa ya mwisho haifunguliwi kabisa. Inaniuma kuona Kiingereza hiki cha safari hakifundishwi. Walimu, wasikilizisheni wanafunzi matangazo hayo kabla hawajapanda ndege.