Ukoo wa Pikipiki ya Illasit

Ukiondoka Kitengela, ukapita Emali na Kimana, mwishowe utafika Illasit, pale mpakani. Ng'ambo ni Tarakea, na Mlima Kilimanjaro unakutazama kutoka juu. Mstari huo walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Wajerumani wakabaki na mlima. Lakini leo sizungumzii mlima. Nazungumzia Yamaha kuukuu niliyoiona imeegemezwa ukuta wa gereji, ya zile za kuchanganya petroli na oili. Kijana wa boda boda aliyekuja kukazwa mnyororo aliniambia, "Mzee, hiyo ni ya Japani." Ni kweli. Ila hebu tuufuate ukoo wake.

Unaanzia Zschopau, Ujerumani, na mwanzilishi mwenyewe wala hakuwa Mjerumani. Jørgen Skafte Rasmussen alikuwa mzaliwa wa Denmark. Mwaka 1916, vita vimepamba moto na petroli ni haba, alijaribu kuunda gari la mvuke, Dampfkraftwagen kwa Kijerumani. Gari halikufika popote. Herufi zake DKW zikabaki kuwa jina. Mwaka 1919 akatoa kijiinjini cha watoto kuchezea. Kikakuzwa, kikafungwa kwenye baiskeli, na kufikia 1928 DKW ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza pikipiki. Mambo hayo, na yalianza na mchezo wa watoto! Mwaka 1932 iliungana na Audi, Horch na Wanderer. Zile pete nne unazoziona kwenye magari ya Audi, moja ni ya DKW.

Siri yake ilikuwa injini ya mipigo miwili. Katika boda boda nyingi za leo pistoni hupanda na kushuka mara mbili ili moto uwake mara moja, na kuna vali za kufungua na kufunga. Injini ya DKW huwaka kila pistoni ipandapo. Haina vali za namna hiyo; pistoni yenyewe huziba na kuzibua matundu ya ubavuni mwa silinda. Vipuri vichache, bei nafuu. Mwaka 1939 ikatoka RT 125, kazi ya mhandisi Hermann Weber, nyepesi na rahisi kutunza.

Kisha vita vikaisha, na mwenye kushindwa hana lake. Warusi waliing'oa mitambo ya kiwanda cha Zschopau. Weber naye akapelekwa Urusi, akafia huko mwaka 1948. Pikipiki yake ikawa mali ya kila mtu: Waingereza wakaitoa kwa jina la BSA Bantam, Wamarekani kwa jina la Harley-Davidson, na Warusi nao wakawa na yao. Mimi naona mtu yule alidhulumiwa, maana ni wangapi waliozipanda wakalijua jina lake?

Yamaha walikuwa mafundi wa piano na vinanda. Hawakuona haya kuiga. Mwaka 1955 wakatoa pikipiki yao ya kwanza, YA-1, iliyofuata umbo la RT 125, na Julai mwaka huo huo ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji katika daraja lake.

Nilipomsimulia kijana haya, aliutazama Kilimanjaro kwa muda, kisha akamuuliza fundi kama ile ya ukutani inauzwa.