Bwawa limeibadili Rufiji: Anayepanga safari ya mtumbwi aulize nini?

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2019 Serikali ilimega sehemu kubwa ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous na kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 30,893. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, hii ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, na anaweza kuifikia kwa mwendo wa siku moja, ama kwa barabara hadi Mloka au kwa treni ya TAZARA hadi Kisaki.

Mwaka huo huo, katika pori hilo hilo, liliwekwa jiwe la msingi la Bwawa la Julius Nyerere, katika korongo la Stiegler's kwenye Mto Rufiji. Ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikawa imekamilika.

Mambo haya mawili, hifadhi na bwawa, huzungumzwa na watu tofauti katika kurasa tofauti. Wa utalii huhesabu wageni, na wa nishati huhesabu megawati. Lakini yapo mahali yanapokutana, nako ni majini, chini ya bwawa, pale mtu anapoweka mtumbwi wake mtoni akikusudia kulala njiani.

Safari ya mtumbwi na hema ni ya aina yake. Mtalii wa gari hurudi kambini jioni na mto akauacha ulipo. Wa mtumbwi huishi na mto usiku na mchana. Chakula chake, maji yake ya kunywa, kitanda chake na njia yake ya kurudi nyumbani, vyote vimo mikononi mwa mto.

Kwa sababu hiyo maandalizi yake ni marefu. Hatua ya kwanza ni kibali cha mamlaka ya hifadhi, yaani TANAPA, pamoja na askari mwenye silaha na kiongozi anayeufahamu mto kwa kuupitia, si kwa kuusikia. Ya pili ni majira. Masika, kati ya Machi na Mei, si wakati wa kulala mtoni. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo inayofaa.

Ya tatu ni wanyama. Mchana kiboko hukaa majini, na akishtushwa hukimbilia penye kina. Ndiyo maana waongozaji wazoefu hupitisha mtumbwi upande wa maji machache, hawakai kati ya mnyama huyo na kilindi, na hugonga ubavu wa mtumbwi ili aliyezama aibuke na kuonekana. Usiku kiboko hutoka kwenda kulisha, hivyo hema halipigwi juu ya njia yake. Mamba naye anatosha kumfundisha mtu kutooga mtoni.

Hayo yote yanajulikana, na yanaweza kufundishwa siku moja kabla ya safari. Jambo la nne ndilo jipya, nalo ni saa ya maji.

Kabla ya bwawa, Rufiji iliongozwa na mvua peke yake. Kilombero, mto unaoleta zaidi ya nusu ya maji yote, hukutana na Luwegu, kisha Ruaha Mkuu huingia juu kidogo ya korongo. Ni kweli kwamba Ruaha Mkuu ulikuwa umekwishazibwa Kidatu na Mtera miaka mingi nyuma, lakini mto wenyewe wa Rufiji ulibaki huru. Ulipanda masika na kushuka kiangazi, na aliyezaliwa kandoni mwake aliweza kuusoma.

Mto huo ulipotoka korongoni ulitawanyika katika tambarare ya mchanga, kati ya mivumo na maziwa kama Tagalala, Manze na Nzerakera. Kiangazi ulifichua mafungu mapana ya mchanga. Kwa msafiri, fungu la mchanga ndilo kitanda bora: ni pakavu, pana upepo, mbu ni wachache na anayekuja huonekana kwa mbali.

Sasa maji yanayopita hapo ni yale yaliyoruhusiwa kupita. Kituo cha umeme wa maji hufuata mahitaji ya watumiaji. Umeme ukihitajika zaidi, mitambo zaidi huwashwa na maji mengi zaidi hushuka. Mahitaji yakipungua, maji nayo hupungua. Aidha, bwawa likikaribia kujaa, milango ya utoro wa maji hufunguliwa.

Maana yake ni kwamba mto unaweza kupanda wakati mbingu ni safi na hakuna wingu hata moja. Maji yaliyoachiwa bwawani huchukua saa kadhaa kufika makumi ya kilometa chini. Yanaweza kumfikia msafiri usiku wa manane, akiwa amelala juu ya lile fungu la mchanga ambalo jana lilikuwa salama.

Kanuni mpya za safari, basi, zinajieleza zenyewe. Kambi iwekwe juu ya ukingo, si kwenye mchanga wa chini. Mitumbwi ivutwe juu na kufungwa kwenye mti. Kijiti kichomekwe ukingoni jioni ili alfajiri ijulikane maji yamepanda au yameshuka. Pawepo simu ya setilaiti, na mtu aliye nje ya hifadhi mwenye ratiba kamili ya safari.

Hata hivyo, tahadhari hizo hazitoshi bila jambo moja ambalo msafiri hawezi kujifanyia mwenyewe, nalo ni taarifa. Anayefungua maji ndiye pekee anayejua atayafungua lini na kwa kiasi gani.

Hapa tuna mfano wa jirani. Mto Zambezi ulizibwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1950, na ziwa lililopatikana ndilo kubwa kuliko yote duniani yaliyotengenezwa na binadamu, kwa ujazo wa maji. Wapo waliodhani mto umekwisha. Badala yake, sehemu iliyo chini ya bwawa, kutoka Chirundu hadi Mana Pools, imekuwa miongoni mwa njia mashuhuri za mitumbwi barani Afrika, na wageni hulala ukingoni na visiwani kwa siku kadhaa.

Bwawa halikuiua biashara hiyo, na sababu moja ni kwamba mto hauendeshwi kwa siri. Mamlaka ya Mto Zambezi, inayomilikiwa kwa pamoja na Zambia na Zimbabwe, hutangaza kina cha ziwa hadharani, na milango inapotarajiwa kufunguliwa wananchi walio chini huarifiwa. Mwongozaji wa mitumbwi husoma taarifa hiyo kama nahodha wa Bahari ya Hindi anavyosoma majira ya bamvua.

Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba hili ni suala la watalii wachache wenye fedha na hema. Watu wengi zaidi wanaosafiri kwa mtumbwi katika Rufiji si watalii. Ni wavuvi, ni akina mama wanaovuka kwenda shambani, ni wakulima wa mlau, yaani wale wanaopanda katika ardhi iliyoachwa na maji yanapopungua.

Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Ilikuwa masika ya El Niño. Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi huo kuwa mvua zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri watu wapatao 200,000. Huko Rufiji yalizuka malalamiko kuwa maji yaliyofunguliwa bwawani yalizidisha maafa. Serikali ilijibu kuwa chanzo kilikuwa mvua, na kwamba mafuriko ya Rufiji yalikuwapo kabla ya bwawa.

Hoja ya Serikali ina uzito. Bonde la Rufiji limefurika mara nyingi katika historia yake, na bwawa lenye nafasi linaweza kuzuia sehemu ya maji ambayo zamani yangeshuka yote kwa mkupuo. Lakini mkulima aliyepoteza mpunga wake hakuwa akidai somo la historia. Alikuwa akiuliza lini maji yanakuja, na yatafika wapi.

Hilo ndilo swali lile lile la mwenye hema. Tofauti ni kwamba mgeni anaweza kuahirisha safari, ilhali mkazi wa ukingoni hana safari ya kuahirisha.

Ndiyo maana safari za mitumbwi, zikipangwa vizuri, zinaweza kuwa kipimo kizuri cha usimamizi wa mto. Mgeni hatalala ukingoni mwa Rufiji bila kujua ratiba ya maji, na kampuni yake ya bima haitamruhusu. Ratiba hiyo ikitolewa kila siku kwa kambi za kitalii, hakuna sababu isitolewe pia kwa ujumbe wa simu na redio, kwa Kiswahili chepesi, kwa Mloka, Utete na vijiji vyote hadi kwenye mikoko ya delta.

Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na matrilioni yaliyojenga bwawa lenyewe. Vinahitajika vipimo vya kina mtoni, ofisa wa kutoa taarifa kwa saa maalumu, na utaratibu unaowaunganisha TANESCO, TANAPA, bodi ya maji ya bonde na halmashauri za wilaya. Pasipo hayo, kila chombo kitafanya kazi yake vizuri na mto utabaki hauna msemaji.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Siku hizi kina cha Rufiji kinajulikana, kwa sababu kuna mtu anayekipima na kukiamua. Kilichobaki ni aliye ndani ya mtumbwi, awe mgeni au mvuvi, naye aambiwe.