Mchoraji wa Ethiopia hadaiwi msalaba

Mwaka 2024 Ethiopia ilipata kwa mara ya kwanza banda lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Aliyekabidhiwa kulijaza ni Tesfaye Urgessa, mchoraji aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1983, akasoma katika shule ya sanaa ya Alle jijini humo, akaendelea Stuttgart, Ujerumani, na kurejea nyumbani mwaka 2022. Katika picha zake watu wamebanana ndani ya vyumba, miili imepishana kiasi kwamba huwezi kusema mara moja mguu huu ni wa nani na mkono ule ni wa nani. Humo hamna msalaba wa Lalibela, wala Malkia wa Sheba, wala simba wa Yuda. Aliyekwenda kuitafuta Ethiopia ya kadi za posta alitoka mikono mitupu. Hata hivyo, wale watu wake wana macho makubwa na wanamkabili mtazamaji ana kwa ana, kama watakatifu wa kuta za makanisa ya Gondar. Nasema hapa kwamba asili ya kazi za wasanii wa Ethiopia wa leo haimo katika alama zinazotambulika haraka. Imo katika namna ya kufanya kazi, yaani jinsi kitu kinavyoandaliwa, kinavyopimwa, kinavyokusanywa, na kazi kinayotakiwa kumfanyia anayekitazama. Tukiendelea kuwadai alama tutawapunja, na tutajipunja sisi watazamaji.

Ushahidi wa kwanza ni gombo la hirizi, lile ambalo Wahabeshi wa nyanda za juu huliita ketab. Anayeugua au kusumbuliwa na mashetani humwendea debtera, msomi wa kanisa ajuaye nyimbo, maandiko na dawa. Huchinjwa kondoo au mbuzi, ngozi hukwanguliwa, ikakatwa vipande vyembamba vinavyoshonwa ncha kwa ncha hadi vifikie urefu wa mgonjwa mwenyewe, ili alindwe kuanzia utosini hadi unyayoni. Juu yake huandikwa sala za Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa, kwa wino mweusi na mwekundu, na kati ya maandishi huchorwa malaika wenye panga na nyuso zilizokodoa macho ndani ya nyota za ncha nane. Jina la mwenye gombo huingizwa ndani ya sala. Gombo likihamia kwa mtu mwingine, jina la zamani hufutwa na jipya likaandikwa mahali pake. Picha hizi hazikuchorwa zipendeze. Zilichorwa ili shetani akija akutane na macho yanayomkazia, atimke. Msomaji wa pwani anayezijua hirizi na kombe hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa mtazame Skunder Boghossian, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1937, mama Mwethiopia na baba mwenye asili ya Armenia. Aliondoka mwaka 1955 kwa ufadhili, akasoma London, kisha akakaa Paris miaka kadhaa, ambako alivutiwa na kazi za Paul Klee na za Wifredo Lam wa Kuba. Picha yake ya mwaka 1964, Arusi ya Juju, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Ni rahisi kumwita mwanafunzi wa Paris, na ni kweli alikuwa hivyo. Lakini ule msongamano wa viumbe na macho usioacha nafasi tupu, ule uso wa picha ambao hauna mbele wala nyuma, ni wa gombo. Baadaye alifanya kazi kwenye ngozi ya mbuzi yenyewe. Hakunakili malaika wa debtera. Alichukua wazo kwamba picha ni kitu chenye nguvu kinachomtazama mtu, akalipeleka kwenye ndoto na anga. Zerihun Yetmgeta, aliyezaliwa mwaka 1941, alipita njia hiyohiyo kwa miguu yake mwenyewe: hupanga fito za mianzi bega kwa bega zikawa ubao, kisha hujaza humo nyuso na mistari ya hirizi, hivi kwamba picha nzima inakuwa kitu kilichoundwa kwa vipande kama ngozi ile iliyoshonwa. Naye Wosene Worke Kosrof, aliyefundishwa na Skunder, huchukua herufi za Kiamhari akazikunja, akazivunja na kuzitawanya hata msomaji wa Kiamhari anayejaribu kuzisoma anakwama. Wageni huiona hiyo kuwa nakshi tu. Mwenyeji anaijua hali ya kusimama mbele ya maandishi matakatifu yasiyosomeka kwa watu wa kawaida, maana ndivyo Kige'ez kilivyo kwa waumini wengi.

Anayeithibitisha hoja hii kuliko wote ni Elias Sime, kwa sababu kwake alama zimetoweka kabisa. Sime, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1968, hununua mabaki ya vifaa vya elektroniki katika soko la Merkato: nyaya, vibao vya kompyuta, vitufe vya kuandikia. Nyaya nyembamba za rangi husukwa kwa mkono, uzi baada ya uzi, zikapigiliwa juu ya mbao hadi zifunike eneo la mita kadhaa. Ukiwa mbali unaona mashamba yaliyopimwa kutoka angani, au kitambaa kizito. Ukisogea unaona misumari na maganda ya plastiki. Kabla ya nyaya alitumia nyuzi na vifungo vya nguo, akishona. Anayetaka kujua Ethiopia iko wapi hapo aangalie mikono inavyofanya kazi, kwa uvumilivu uleule wa msusi wa vikapu na wa mfumaji anayetoa pindo la shuka la shamma, na kwa uchumi wa mji ambao hautupi kitu mpaka kimeuzwa mara tatu. Zaidi ya hapo, simu na kompyuta zinazoishia Merkato zilianza safari yake mbali sana, kwa hiyo kazi hii ina mengi ya kusema kuhusu dunia kuliko picha nyingi zinazojitangaza kuwa za kimataifa.

Wapo watakaojibu kwamba hii ni hatari: ukiondoa alama, sanaa ya Ethiopia itamezwa, na sokoni itafanana na ya Berlin au Seoul. Hofu hiyo inadhani kwamba zamani kulikuwa na Ethiopia safi iliyojifungia milimani. Haikuwapo. Ibada ya picha za Bikira Maria ilienezwa kwa nguvu na Mfalme Zara Yaqob katika karne ya 15, na miongo michache baada yake mchoraji wa Venice, Nicolò Brancaleon, alikuwa akifanya kazi nchini humo, akiacha mbinu zake kwa wenyeji. Baada ya Wajesuiti kuingia, nakala za picha ya Maria iliyoko katika kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma, zikawa kielelezo ambacho wachoraji wa Gondar walikirudia hadi leo tunakiona kuwa cha Kihabeshi kuliko vyote. Wahabeshi walikichukua wakakifinyanga upya: mavazi yakawa ya kwao, rangi zikawa tambarare, macho yakapanuka, na waovu wakaendelea kuchorwa kwa upande, jicho moja tu, kama kanuni yao ilivyotaka. Kilichodumu ni kanuni hizo za kufinyanga. Alama zenyewe ziliazimwa. Hata zile picha za hadithi ya Sheba zilizogawanywa katika vyumba vingi vidogo, ambazo watalii huzinunua kama urithi wa kale, zilishamiri katika karne ya 20 kwa sehemu kubwa kwa ajili ya wanunuzi wa kigeni. Dar es Salaam tunalijua jambo hili kwa picha za Tingatinga: soko likishaamua sura ya asili yako, litataka chui yuleyule kila mwaka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina nia ya kulikwepa. Magombo, makanisa, Gondar, herufi: yote hayo ni ya Wakristo wa nyanda za juu, ilhali Ethiopia ina lugha zaidi ya 80, ina Waislamu kwa mamilioni, ina Waoromo, Waafar, Wasomali na Wakonso. Kuiita hazina ya kanisa "asili ya Ethiopia" ni kuendeleza picha ya dola ya zamani. Ni kweli, na mimi mwenyewe ushahidi wangu hapo juu umeegemea huko, kwa sababu ndiko watafiti na majumba ya makumbusho walikoegemea. Lakini pingamizi hili linabomoa hoja ya alama, si yangu. Nembo ya taifa lazima ichague mtu mmoja na kumwacha mwingine. Msalaba ukiwa nembo, Harar, mji wa Waislamu, imefutwa. Namna ya kufanya kazi haina mlango wa aina hiyo. Vikapu vinavyojaa kuta za nyumba za Harar, vinyago vya mbao ambavyo Wakonso huwasimamishia mashujaa wao waliokufa, na majengo ya udongo na nyasi ya sehemu nyingi za nchi, vyote ni shule. Aida Muluneh alipopiga picha zake za mwaka 2018 kuhusu maji huko Dallol, katika nchi ya Waafar, aliwapaka wanawake rangi nzito usoni akawasimamisha kwenye chumvi na jua kali. Humo kanisa na mapambo ya mwili ya jamii mbalimbali vinakutana pasipo kimoja kukitawala kingine. Na Gebre Kristos Desta, baba wa uchoraji wa dhahania nchini humo, alizaliwa Harar.

Wengine huwakataa walioondoka. Julie Mehretu, wanasema, aliondoka mwaka 1977 akiwa mtoto, amekulia Marekani, anachora michoro ya majengo iliyofunikwa na dhoruba ya mistari. Kuna Ethiopia gani hapo? Huenda hamna, na hadaiwi. Ila familia yake iliondoka wakati utawala wa kijeshi wa Derg ukiua vijana mitaani. Katika kazi zake kubwa ziitwazo Mogamma, za mwaka 2012, uwanja wa Meskel wa Addis Ababa umo pamoja na viwanja vingine ambavyo watu walikusanyika na dola ikawatazama. Skunder alifundisha Chuo Kikuu cha Howard kwa takriban miaka 30, Gebre Kristos akafia Marekani mwaka 1981. Walioondoka walikuwa wengi mno kuwekwa pembeni. Ukiwatoa, nusu ya historia hii imeondoka nao.

Je, alama hazina kazi kabisa? Zina kazi, tena kubwa. Vioo vya rangi vya Afewerk Tekle katika Ukumbi wa Afrika jijini Addis Ababa, takriban mita za mraba 150, vimejaa alama za Afrika ya jana, ya sasa na ya kesho, na vilistahili. Katika ukumbi huo wakuu wa nchi, Julius Nyerere akiwa miongoni mwao, waliunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika Mei 1963, na Kamati ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Jengo la umma hutaka kueleweka na kila aingiaye. Kosa ni kuifanya kazi hiyo moja kuwa kipimo cha kila kazi, kama vile Derg ilivyofanya baada ya 1974 ilipotaka wachoraji wawe watangazaji wake.

Hili lina matokeo ya kivitendo. Kama urithi ni alama, inatosha kuzichapa kwenye noti na kuta za viwanja vya ndege. Kama ni namna ya kufanya kazi, basi cha kulindwa ni mafundi: waandaaji ngozi, wafumaji, wasusi wa vikapu, wajenzi wa udongo, na debtera wachache waliobaki wanaojua kupima gombo. Elias Sime na mratibu wa maonyesho Meskerem Assegued walilielewa hilo mapema. Jumba lao la Zoma, lililofunguliwa Addis Ababa mwaka 2019, limejengwa kwa udongo na nyasi na mafundi wanaoijua kazi hiyo, katika mji unaobomoa mitaa yake ya zamani kwa kasi ili kupisha vioo na zege. Serikali za eneo letu zinazotenga fedha za "utamaduni" zingeanza kwa kuuliza mafundi hao wanalipwa kiasi gani.