Nani Aliyeigawa?

Katika vitabu vingi tunavyowapa wanafunzi wetu imo sentensi hii, au nduguye: "Afrika Mashariki iligawanywa mwaka 1890." Mwalimu wa lugha huipita bila kuigusa, maana sarufi yake haina dosari. Mimi nadai kuwa ina dosari kubwa. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na mtenda huyo alikuwa na jina, jumba na ukoo.

Ni Robert Cecil, Lord Salisbury, aliyezaliwa mwaka 1830 huko Hatfield, katika ukoo uliokuwa ukiwashauri wafalme tangu zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Aliingia Bungeni mwaka 1853 bila mpinzani. Mwaka 1867 alijiuzulu uwaziri kwa kuwa serikali ya chama chake mwenyewe ilikusudia kuwapa kura wafanyakazi wengi wa mijini. Mwaka uliofuata babaye alifariki, naye akarithi cheo pamoja na kiti katika Baraza la Malodi, na kutoka humo akaongoza serikali mara tatu. Alipong'atuka mwaka 1902, uwaziri mkuu ulimwangukia mpwa wake, Arthur Balfour. Mpwa hasa, kwa maana yetu ya Kiswahili: mwana wa dada yake.

Wako wenzetu wanaojibu kwamba inatosha kuongeza "na Waingereza". La hasha! Waingereza gani? Wanawake wao hawakuwa na kura ya Bunge hata mmoja, na mwanamume maskini mara nyingi hakuwa nayo pia. Wengine husema kumtaja mtu mmoja ni kuabudu wakubwa. Iweje? Mshtakiwa hutajwa mahakamani, wala hakuna anayedhani ametukuzwa.

Tuutazame mkataba wenyewe, wa tarehe 1 Julai 1890. Salisbury aliwapa Wajerumani Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini ambacho wenyeji wake nao hawakuulizwa. Wajerumani wakaachia Witu, wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya Uingereza. Magharibi ya Ziwa Victoria mpaka ukafuata mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta. Hapo ndipo penye ajabu. Imeandikwa kwamba Mlima Mfumbiro hautakuwa wa Wajerumani, na kwamba ikionekana uko kusini ya mstari huo, basi mstari na upindwe uuzunguke. Yaani waliotia saini hawakujua mlima ulipo! Salisbury mwenyewe alikiri hadharani, mwaka huohuo, kwamba mataifa ya Ulaya yalikuwa yakipeana milima, mito na maziwa yasiyojua hasa yako wapi. Aliyasema kwa mzaha, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa karamu.

Watetezi wake husema hakupenda makelele ya ubeberu, bali alilinda mto Naili na njia ya kwendea Bara Hindi. Huenda. Lakini ni katika utawala wake pia kwamba manowari ziliipiga kasri ya Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao mia tano wakauawa au kujeruhiwa. Kitabu ninachofundishia husema: "Kasri ilipigwa."

Muhula huu nimewaagiza wanafunzi wangu waziandike upya sentensi zote mbili kwa kauli ya kutenda. Wengi walikwama kwenye neno la kwanza.