Kuhesabu Seli Nyeupe Hakutoshi

Hoja iliyochapishwa inadai hivi: kinga ya mwili ni suala la idadi ya seli nyeupe, kiunzi cha ndani ya seli ni nguzo tu za kuishikilia, na kukitafiti ni anasa kwa mahali penye malaria kama Chanzuru, wilayani Kilosa.

Nguzo gani hizo zinazobomolewa na kujengwa upya kila dakika? Nyuzi za aktini hurefuka upande wa mbele wa seli na kuusukuma utando wake. Nyuma, miosini hukaza na kuuvuta mwili uliobaki. Ndivyo neutrofili, aina ya seli nyeupe, inavyojibana na kupenya ukuta wa mshipa wa damu.

Dai la idadi ndilo bovu kuliko yote. Kolchisini, dawa ya jongo, huvuruga mikrotubuli, mirija ya kiunzi hichohicho. Neutrofili zimo kwenye damu, zinahesabika, ila hazikimbilii tena kiungo kilichovimba kama awali. Uvimbe unapungua. Anayehesabu tu ataeleza nini hapo?

Na malaria? Imetajwa bila kuchunguzwa. Kimelea kinachoachwa na mbu ngozini hutambaa kwa aktini na miosini yake chenyewe, mikromita 1 hadi 2 kwa sekunde, takriban mara 10 ya kasi ya seli za kinga. Huwahi mshipa, kisha ini, kabla hazijakifikia.

Mbio hizo hufanyika ndani ya ngozi za watoto wa Kilosa. Anayeziita anasa aende akawaeleze mama zao wanaokesha nao wodini.