Fahali Mmoja, Hesabu Ishirini: Takwimu katika Uhakiki wa Ngano za Waturkana

Mhakiki anayekusanya ngano 40 Lodwar na Kakuma, akalinganisha motifu 20 baina ya miji hiyo miwili, kisha akatangaza ile moja iliyovuka kiwango cha asilimia 5, hajathibitisha lolote kuhusu Waturkana. Hata pasipokuwa na tofauti yoyote, na hata kama majaribio hayo 20 hayahusiani, uwezekano wa angalau moja kupita kwa bahati tu ni takriban asilimia 64. Zile 19 zilizoshindwa huachwa katika daftari la nyanjani, nazo ndizo zingemwambia msomaji thamani ya hiyo moja.

Watetezi wa majedwali hujibu kwamba dawa ipo: kanuni ya Bonferroni, inayogawa 0.05 kwa 20 na kudai 0.0025. Kanuni hiyo hubaki halali hata majaribio yanapohusiana, ila huwa kali kupita kiasi pale motifu zinapoandamana. Katika simulizi ya Nayeche, mwanamke wa Kijie anayesemwa kumfuata fahali Engiro hadi nchi ya Waturkana, mwanamke, fahali, safari na matunda ya porini huja pamoja. Kuyapima mbalimbali ni kumhesabu fahali mmoja mara nne. Mbinu ya Westfall na Young ya mwaka 1993, inayochanganya data upya bila kuvunja mwandamano huo, ingefaa zaidi.

Lakini kosa kubwa liko kwingine, wala si jipya. Mwaka 1888 E. B. Tylor alipowasilisha jijini London hesabu zake za desturi za ndoa, Francis Galton aliuliza ni jamii ngapi miongoni mwa zile zilizohesabiwa zilikuwa zimeazimana au kurithi desturi hizo kutoka chimbuko moja. Swali hilo ndilo la Kakuma, ambako tangu 1992 kambi ya wakimbizi imewakutanisha wasimulizi wa Sudan, Somalia na Ethiopia na wenyeji wao. Ngano 40 za fanani 5 si mashahidi 40. Dosari hiyo huharibu kila jaribio kabla Bonferroni hajaitwa.

Basi na wachanganywe fanani, si ngano. Watatu wakiwa wa Lodwar na wawili wa Kakuma, mipangilio inayowezekana ni 10 tu. Matokeo madogo kabisa yanayoweza kupatikana ni 0.1, na asilimia 5 haifikiki hata kwa motifu moja.